Tangi la maji ya chumvi nyumbani: dalili, chanzo na la kufanya

Simu nyingi ninazopokea kuhusu matangi ya maji ya chumvi huanza hivi: "Kaka, samaki wangu wana shida, niweke dawa gani?" Nami huuliza: umepima nini leo? Mara nyingi bado hajapima chochote. Tangi dogo, la lita 40 hadi 100, haliharibiki kwa kukosa dawa. Kinachoharibika ni maji. Kipande cha kamba wa baharini kilichooza nyuma ya jiwe, ambacho kwenye tangi la lita 500 kingepita bila mtu kujua, kwenye tangi la lita 60 kinaweza kuwamaliza samaki wote usiku mmoja. Kwa hiyo kabla hujaenda kwenye dalili yoyote hapa chini, pima haya na uyaandike kwenye daftari pamoja na tarehe na saa:

- Joto: nyuzi 24 hadi 27. Hapa pwani 28 inavumilika. Ikifika 30 tangi liko hatarini.
- Chumvi: uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu, 1.024 hadi 1.026, yaani takribani gramu 32 hadi 35 za chumvi kwa lita.
- Amonia na nitriti: zote ziwe 0.
- Nitrati: chini ya miligramu 20 kwa lita.
- pH (kipimo cha uchachu wa maji): 8.0 hadi 8.4. Hushuka kidogo usiku, kwa hiyo linganisha asubuhi na asubuhi, jioni na jioni.

Mengi ya yafuatayo nimeyaona Dar es Salaam, kwenye joto letu, umeme wetu na bahari yetu. Mwenye tangi Mombasa, Tanga au Unguja atayatambua yote.

## Samaki wanahema juu ya maji, matamvua yanapiga haraka

Hii ndiyo dalili ya haraka kuliko zote. Usiende dukani kwanza. Fuata mpangilio huu.

Uso wa maji umetulia. Hewa huingia majini kupitia usoni, pale maji yanapochezacheza. Tazama: kuna viwimbi? Kama uso umelala kama kioo, pampu imeziba, imeanguka imeelekea mchangani, au umeme hakuna. Safisha mdomo wa pampu kwa mswaki wa zamani, uielekeze juu hadi uone uso wa maji unavunjika. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Umeme ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha mmelala, mambo hubadilika. Usiku mmoja wa Februari, upepo wa kaskazi umekufa kabisa, umeme ulikatika saa tano. Niliamka saa nane kwa sababu ya joto. Nilipomulika tangi kwa tochi ya simu, samaki klauni mmoja alikuwa amelala ubavu karibu na uso, mdomo unafunguka na kufunga, na mwenzake amejibana kwenye kona ya juu. Nilichukua jagi la plastiki nikawa nachota maji ya tangi lilelile na kuyamwaga kutoka kimo cha shibiri moja: mara thelathini, napumzika, mara thelathini tena. Baada ya robo saa hivi alianza kujiinua, kwanza kichwa, kisha mwili mzima ukasimama sawa. Niliendelea hadi alfajiri. Jagi si njia ya kudumu, lakini linaokoa. Sasa nina pampu ndogo ya hewa ya betri, na betri zake nazijaribu kila mwanzo wa mwezi.

Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe hapohapo kichujio kile cha kopo lililofungwa. Maji yaliyolala ndani yameishiwa hewa, bakteria wamekufa, na ukiwasha uchafu wote unamwagwa tangini. Kifungue, mwaga maji yale, suuza sifongo kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Joto. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na wakati huohuo mwili wa samaki unataka hewa zaidi. Januari hadi Machi, sebule isiyo na kiyoyozi inaweza kuupeleka mchana wa tangi juu ya nyuzi 30. Ondoa kifuniko, weka feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji. Uvukizi hushusha nyuzi 2 hadi 4, ingawa siku ya unyevu mwingi hupata pungufu. Wavu mwembamba uwekwe juu, maana samaki anayehangaika huruka. Ikiwa hali ni mbaya, tia chupa ya maji yaliyogandishwa, imefungwa vizuri, ielee. Usitie barafu yenyewe. Shusha nyuzi 1 kwa saa, si zaidi. Angalia na hita pia: hita iliyokwama kwenye kuwaka hupika samaki hata msimu wa kusi.

Amonia. Ikisoma chochote kuanzia 0.25, acha kulisha, badilisha asilimia 30 ya maji, tafuta mzoga. Hesabu samaki, konokono na kamba mmoja mmoja. Asiyeonekana, inua mawe. Kwenye maji ya chumvi pH iko juu, na pH ikiwa juu sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika ile hali inayoua. Ndiyo maana kipimo ambacho mwenye samaki wa maji baridi angekivumilia, hapa hakivumiliki.

Dawa ya mbu. Wengi hawaifikirii. Mtu anapuliza chumba saa kumi na mbili jioni, anafunga milango, na pampu ya hewa inavuta ile hewa na kuisukuma majini. Kamba na kaa hufa kwanza, wakitetemeka. Samaki huruka huku na huku kabla ya kuanza kuhema. Fungua madirisha, hamishia pampu ya hewa kwenye chumba safi kwa mpira mrefu, badilisha nusu ya maji, weka kaboni mpya kwenye kichujio. Tangi lenye kamba halikai chumba kinachopulizwa dawa.

Ugonjwa wa matamvua. Kama yote hayo yako sawa, nenda kwenye sehemu ya madoa meupe.

*Simama hapa:* ikiwa samaki zaidi ya mmoja wamekufa ndani ya saa chache na vipimo vyote ni vizuri, usimwage dawa. Wahamishe waliobaki kwenye ndoo safi yenye maji mapya ya chumvi ya joto lilelile na jiwe la hewa, kisha mtafute mfugaji mzoefu au daktari wa mifugo anayejua samaki. Hifadhi nusu lita ya maji ya tangi kwa ajili ya kupima.

## Kila samaki ninayemweka anakufa ndani ya wiki

Mara nyingi tangi halijakomaa. Taka za samaki huwa amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Bakteria hao wanaota kwenye mawe na mchanga, na huchukua kama wiki 4 hadi 6 kutosha. Tangi likiwa na mwezi mmoja linaonekana safi kama la mwaka, na hapo ndipo watu hudanganyika. Tia chakula kidogo kila siku bila samaki, pima, na subiri uone amonia ikipanda na kushuka, nitriti ikifuata, zote zikarudi 0 huku nitrati ikionekana. Kisha samaki mmoja. Wiki mbili mbele, wa pili. Tangi la lita 60 linatosha klauni wawili na pengine samaki mmoja mwingine mdogo, basi. Kangaja, yule mwenye kisu mkiani, anataka tangi la mamia ya lita, hata akiuzwa akiwa na ukubwa wa sarafu. Vitatange wengi nao hula polipu (vile vinyama vidogo) za matumbawe hai, na tangini hufa njaa polepole wakiwa wamezungukwa na chakula wasichokijua.

Kama vipimo ni sawa, fikiria alivyoingizwa. Maduka mengine huweka chumvi ya chini, 1.018 hivi. Ukimhamisha ghafla hadi 1.025, mwili wake hupoteza maji. Pima maji ya mfuko. Uache mfuko uelee dakika 15 joto lilingane, kisha dondoshea maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, tone baada ya tone, kwa nusu saa hadi saa moja. Maji ya mfuko usiyamwage tangini.

Cha tatu ni maji uliyotumia. Ya bomba yana klorini, na yakikaa kwenye mabomba ya shaba huweza kubeba shaba, ambayo ni sumu kwa kamba na konokono. Ya visima vingi vya Dar yana chumvichumvi na madini yasiyotabirika. Kwa kukoroga chumvi ya matangi ya dukani tumia maji yaliyochujwa kwa osmosisi (utando unaozuia madini), na kipimo chake cha madini yaliyoyeyuka kisome 0 au karibu yake.

Na kabla ya kununua, mwombe muuzaji amlishe samaki mbele yako. Asiyekula dukani, usitegemee ale kwako.

## Kipimo cha chumvi hakitulii

Mzee mmoja wa Mbezi aliniita kwa sababu konokono wake wote walikuwa wamejifungia na klauni wamefifia rangi. Nilipima: 1.034. Nikamuuliza maji yanapopungua anaongeza nini. "Mwanangu, nawaongezea maji yao, ya baharini. Kila siku." Alikuwa akijitahidi kuliko wengi, akichota na kubeba madumu kila wiki.

Tatizo ni kwamba maji huvukiza, chumvi hubaki. Tangi la lita 60 lenye feni linaweza kupoteza lita moja na nusu kwa siku. Siku nne ni lita 6. Ukizirudisha kwa maji ya bahari, umeongeza gramu 210 za chumvi, na kutoka 35 umefika zaidi ya 38. Endelea hivyo wiki tatu na hakuna kiumbe atakayestahimili. Pengo la uvukizi huzibwa kwa maji matamu safi tu. Maji ya chumvi hutumika pale unapotoa maji ya tangi na kuweka mapya. Piga mstari wa kalamu ya wino usiofutika kwenye kioo, na kila asubuhi rudisha maji hadi mstarini.

Chumvi ikishapanda, ishushe polepole: 0.001 au 0.002 kwa siku. Kwa yule mzee tulichukua siku sita, na konokono wawili kati ya saba walitoka tena.

Sababu ya pili ni kipimo chenyewe. Haidromita ya bei nafuu yenye mkono unaoelea hudanganya kwa njia mbili: mapovu yakinata mkononi husoma juu kuliko ukweli, na chumvi ikiganda mkononi husoma chini. Igongegonge mapovu yatoke, na uisuuze kwa maji matamu kila baada ya kutumia. Rifraktomita ni bora, ila irekebishwe kwa maji maalumu ya gramu 35. Kuirekebisha kwa maji ya bomba ni kuanza na kosa.

## Maji yana ukungu

Mchanga mpya usiooshwa: hutulia siku moja au mbili. Ukungu mweupe kama maziwa kwenye tangi jipya ni bakteria walioshamiri. Ongeza hewa, punguza chakula, acha. Kwenye tangi la zamani, ukungu huo unamaanisha kuna kilichokufa. Pima amonia sasa hivi. Na kama ukungu umeanza ulipokoroga chumvi, huenda ulimimina maji juu ya chumvi. Chumvi ndiyo huingizwa kwenye maji, kidogokidogo, pampu ikizungusha. Kinyume chake kalsiamu huganda na haiyeyuki tena. Maji hayo yamwage.

Wenye kuchota baharini wana ukungu wao wa aina nyingine, na hapa nataka kusema kwa kirefu kidogo, maana bahari iko karibu nasi na ni neema kwa mwenye tangi akijua kuchota.

Chota maji yakiwa yanajaa, karibu na kilele, siku za bamvua (maji makuu), kwa sababu hapo maji safi ya nje ndiyo yanayosukumwa ufukoni. Maji yakipwa hubeba kila kilichokaa kwenye tope na mikoko. Usichote karibu na mdomo wa mto, bandari, bomba la maji machafu, wala mahali vyombo vinapoegeshwa na kupakwa rangi. Rangi za chini ya mashua huwa na shaba. Kwa Dar, eneo linakotokea Mto Msimbazi lisahau kabisa. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, mvua hushusha chumvi ya maji ya ufukoni na kuleta udongo na mbolea. Subiri siku kadhaa za jua baada ya mvua kubwa, na upime kabla ya kubeba. Dumu liwe la chakula, halijawahi kubeba mafuta, sabuni wala dawa. Ukifika nyumbani, chuja kwa kitambaa kizito, funika giza, weka jiwe la hewa, uyaache wiki moja. Viumbe wadogo wengi hufa na kutulia chini. Tumia ya juu, ya chini yamwage.

Mawe na viumbe ni jambo jingine. Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu ya bahari, na huko hubebi hata jiwe. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Nunua mawe makavu na uyapandikize bakteria mwenyewe. Yatachukua muda, lakini hayatakuletea minyoo wala kesi.

## Mwani umevamia

Rangi ndiyo itakayokuambia.

Vumbi la kahawia kwenye mchanga na kioo, tangi likiwa na wiki chache: ni mwani wa silika. Utaisha wenyewe silika ikiisha. Futa kioo, subiri.

Nywele za kijani: kuna nitrati na fosfati nyingi, na mwanga mwingi. Sababu ya kwanza ni kulisha kupita kiasi. Klauni wawili wanatosheka na kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kamba waliogandishwa wasuuze kwa maji kwenye chujio la chai kabla ya kuwapa. Taa isiwake zaidi ya saa 8 kwa siku, na tangi lisipigwe na jua la dirishani. Ng'oa kwa mkono na mswaki, ukinyonya kwa mpira wakati huohuo, kisha badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki. Konokono wa kukwangua wanasaidia baada ya wewe kung'oa, si kabla.

Utando mwekundu uliokolea unaobanduka kama ngozi: hao ni bakteria, si mwani halisi. Hupenda mahali maji yaliposimama. Unyonye wote, elekeza pampu pale, zima taa siku tatu. Kuna watu hufungua vidonge vya erithromaisini vya duka la dawa na kuvimimina tangini. Nakusihi usifanye hivyo. Inaweza kuua na bakteria wa tangi wanaokula amonia, na kumwaga antibayotiki ovyo hujenga usugu utakaoturudia wenyewe hospitalini.

Uteute wa kahawia wenye mapovu, unaopungua usiku na kurudi mchana: huu hutokea mara nyingi kwenye tangi lililosafishwa mno, nitrati na fosfati zikawa 0. Hapa kubadilisha maji mara kwa mara huchochea. Acha maji yakae, lisha kidogo zaidi, zima taa siku tatu. Konokono wakianza kuanguka, waondoe. Baadhi ya aina zina sumu.

## Samaki ana madoa meupe

Kwanza hakikisha ni madoa. Chembe za mchanga na vipovu vya hewa huanguka samaki akijisukuma. Uvimbe kama koliflawa kwenye pezi, mmoja au miwili, huwa ni virusi na hupona wenyewe samaki akila vizuri. Madoa makubwa kama punje za chumvi, yanayoonekana leo na kupungua kesho, ndiyo ugonjwa wa kawaida kabisa: Cryptocaryon irritans.

Kupungua huko ndiko kunakowaponza watu. Mdudu hukaa kwenye ngozi siku 3 hadi 7, huanguka mchangani, hujifunika ganda, hugawanyika, kisha mamia ya vitoto huibuka kutafuta samaki. Samaki anaonekana kapona. Wiki moja baadaye yuko na madoa mara kumi. Lile ganda halipenyeki kwa dawa. Unachoweza ni kumkosesha mdudu samaki.

Njia yenyewe: hamisha samaki wote, hata wasio na madoa, kwenye tangi la wagonjwa. Hilo ni beseni safi au tangi tupu lenye hita, jiwe la hewa na kipande cha bomba la plastiki la kujificha, bila mawe wala mchanga. Tangi kuu likae bila samaki yeyote siku 76, kamba na konokono wakibaki. Kwenye tangi la wagonjwa una njia mbili, chagua moja. Ya kwanza ni kushusha chumvi hadi 1.009 ndani ya siku mbili, na kuishikilia hapo wiki nne. Inahitaji rifraktomita ya kuaminika, kwa sababu 1.011 haitoshi. Ya pili ni dawa ya shaba, kwa kipimo cha kwenye chupa yake, ukipima shaba kila siku. Usiichanganye na dawa ya kuondoa klorini au amonia. Zikikutana, shaba inaweza kuwa kali ghafla na kuua samaki. Na shaba isiguse tangi kuu kamwe. Huua kamba, konokono na matumbawe, na hujificha kwenye mawe.

Vumbi laini kama unga wa dhahabu, samaki akihema haraka, akijisimamisha mbele ya mkondo wa pampu na kuchukia mwanga: huo ni Amyloodinium, na unaua kwa siku mbili hadi nne. Usingoje uhakika. Mwoshe kwenye maji matamu yasiyo na klorini, ya joto na pH ileile, yenye jiwe la hewa, dakika 3 hadi 5, ukimtazama muda wote, akilegea mtoe. Kisha tangi la wagonjwa lenye shaba.

Klauni, hasa aliyetoka baharini karibuni, akitoa ute mzito mweupe unaoning'inia, ni Brooklynella. Shaba haiutibu. Dawa inayotumika ni fomalini, na hapa *simama*: mvuke wake unaumiza macho na mapafu, na inajulikana kusababisha saratani. Aishike mtu aliyezoea, mahali penye hewa, kwa glavu.

Klauni wetu wa pwani hii, yule wa mstari mmoja mweupe mgongoni na yule wa mikanda miwili, nimewaona wakipona magonjwa haya pale tu mwenyewe alipokuwa na tangi la wagonjwa tayari. Liandae kabla ya kununua samaki wa kwanza, na kila mgeni akae humo wiki nne.

## Mashine ya povu inafurika

Hii ni ile mashine inayotoa uchafu majini kwa mapovu. Ikiwa mpya, ipe wiki moja au mbili. Vinginevyo kina cha maji kimepanda, mtu ametia mkono wenye mafuta au losheni, au umetumia dawa. Shusha kina, subiri siku mbili.

## Unahisi mtetemo wa umeme unapotia mkono majini

*Simama.* Toa mkono. Usiguse kitu kingine kwenye tangi. Zima swichi kuu ya nyumba, kisha chomoa vyote. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na mtetemo mdogo leo waweza kuwa kifo kesho ukiwa umekanyaga sakafu mbichi.

Chanzo cha kawaida ni hita iliyopasuka, na hita hupasuka kwa kutolewa majini ikiwa bado moto. Izime dakika 20 kabla ya kubadilisha maji. Cha pili ni waya wa pampu ulioliwa na muda. Cha tatu ni ile chumvi nyeupe inayotambaa: matone hurukia nyaya, hukauka, na ganda husogea hadi kwenye ekstensheni. Nimeshika ekstensheni moja iliyokuwa chini ya tangi, nyeupe kama imenyunyiziwa unga, ndani yake plastiki imeyeyuka kuzunguka tundu moja na hakuna breka iliyoshuka.

Kifaa kibovu kitupe, usikizungushie utepe. Soketi ziwekwe juu ya usawa wa maji au kando, na kila waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone liangukie sakafuni. Kisha mwite fundi umeme aweke kile kikata umeme wanachokiita RCD kwenye laini ya tangi na ahakikishe nyumba ina athi. Hii si kazi ya kujifunza mwenyewe.

## Kuna maji sakafuni

Futa kila kitu, tandaza karatasi kavu chini na pembeni, rudi baada ya saa moja. Karatasi itakuonyesha. Mara nyingi ni mpira wa kichujio, povu lililofurika, au maji yanayotiririka kwenye waya.

Ikiwa ni mshono wa kioo, punguza maji hadi chini ya mvujo na uhamishe samaki. Tangi la lita 60 pamoja na mawe na mchanga hukaribia kilo 90, kwa hiyo usilisogeze likiwa na maji; utaupasua mshono wote. Silikoni ya kupaka juu ya ile ya zamani haishiki. Inabidi ya zamani ikwanguliwe, kioo kisafishwe, ipakwe silikoni isiyo na dawa ya kuvu, na ikauke wiki nzima kabla ya kujazwa. Kioo kikiwa na ufa, au mshono wa chini umeanza kutoka, mwachie fundi anayetengeneza matangi. Angalia na meza: tangi lisilokaa sawa kwa pimamaji litavuja tena.

## Wewe mwenyewe unaumwa baada ya kusafisha mawe

Nimeiweka mwisho kwa kuwa hutokea mara chache, lakini ni ya kuchukua kwa uzito kuliko zote. Baadhi ya polipu zile kama vifungo vya shati, zinazoota kwa makundi kwenye mawe na kuuzwa kwa uzuri wake, hubeba palitoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana. Watu wamelazwa kwa kuchemsha mawe yenye polipu hizo na kuvuta mvuke, au kwa kuyasugua na maji kuwarukia machoni.

Usichemshe mawe ya tangi. Usiyamwagie maji ya moto, usiyasugue makavu, usiyaoshe kwa mashine ya presha. Vaa glavu na miwani, fanya kazi chini ya maji, funika kila kidonda mkononi. Maji haya yana pia bakteria wanaoleta vipele visivyopona kwa wiki nyingi.

Ukipata ladha ya chuma mdomoni, kikohozi, homa, maumivu ya misuli, kifua kubana au macho kuwasha sana ndani ya saa chache baada ya kazi hiyo, watoe watu na wanyama wote chumbani, fungua madirisha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukifika, usiseme "nimeugua baada ya kuosha tangi" tu. Mtajie daktari neno palitoksini, mwambie ulichofanya na saa uliyofanya, na umwonyeshe picha ya jiwe lenyewe kwenye simu.